Jiwe Juu ya Chungu cha Areka

Zaituni mwanangu,

Salamu utazipata kesho mlangoni, kwa mtaa mzima, mpaka uchoke. Karatasi hii ni ya mimi na wewe tu. Naiandikia mezani saloni, hapa tunapopokelea wageni, na mama yako yuko chumbani anakunja tena nguo ambazo amekwisha kuzikunja. Amenionya nisikuandikie habari za kula vizuri, wala za sweta, wala za kupiga simu ukifika, kwa sababu hayo yote ameyasema yeye na hataki nimharibie. Nimekubali. Basi nimebaki na kalamu mkononi na sijui nianzie wapi.

Nianze na swali lako. Wiki iliyopita tulikuwa kitaluni, wewe umechuchumaa unajaza udongo kwenye viriba vya kwenda navyo kazini Gitega, mimi nimesimama na debe la maji. Uliniuliza bila kuinua kichwa: "Baba, weye unataka niende, ao unataka nibakiye?" Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba kule milimani kuna baridi, kwa hiyo miche usiimwagilie sana. Ukanitazama. Ukacheka kidogo, kicheko ambacho sikukipenda, ukaenda kunawa mikono. Tangu hapo maongezi yako yote ni na mama yako, na mimi unanipa "ndiyo baba" na "hapana baba" kama mteja aliyepita kuuliza bei tu.

Mama yako hakuwepo pale, lakini kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshajua. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha Baraka, ng'ambo kule Kongo, ambacho miaka yote ya kukaa upande huu wa ziwa haijakigusa: "Mutoto anakuuliza moyo, weye unamujibu maji." Kisha akaendelea kuchambua mchele.

Sasa najaribu kukujibu. Nakuambia mapema kwamba nimechanganyikiwa, kwa hiyo usitegemee mstari ulionyooka. Nikiwa na jambo lililo wazi kichwani huwa nalisema na kunyamaza, unanijua.

Kisa cha mimi kuitwa Kinyozi unakijua. Rumonge nzima inakijua, na vinyozi halisi wa sokoni bado wananiita "mwenzetu" nikipita. Lakini wewe umekisikia kama watu wanavyokisimulia, kwa kuchekesha. Sijawahi kukusimulia nilivyokuwa mimi siku ile, kwa sababu kila nikianza mtu anacheka na mimi nacheka pia.

Kabla hujazaliwa nilikuwa mkataji wa chikichi. Nilikata Gatete, nilikata Kigwena, na nilikuwa na jina zuri. Kuangusha mkungu kila mtu anaweza. Mkataji alijulikana kwa usafi wa mti anaouacha. Makuti ya chini unayatoa, magutu ya makuti ya zamani unayachonga, nyasi na uchafu unaoota katikati yake unaung'oa, mpaka shina linabaki tupu. Akina mama waliokuja kuokota chikichi chini walikuwa wanatazama juu na kusema huyu ni fulani amepita. Michikichi yangu waliitambua kutoka mbali. Nilikuwa kijana, na nakuambia ukweli, nilikuwa nazunguka njia ndefu kurudi nyumbani ili niipite na kuitazama.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, sote tulimwita Madamu, mwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa njia ya Kigwena. Alileta palmie, michikichi ya urembo, kutoka Bujumbura, zile ndefu zinazoitwa ruwayali, zenye shina jeupe na laini kama nguzo iliyopakwa chokaa. Akazipanga safu mbili kutoka getini mpaka karibu na maji. Hapa kwetu hakuna aliyekuwa ameziona kwa karibu. Sisi mti wa namna hiyo tuliujua kwa mafuta yake, na huu haukuwa na mafuta. Zilipokuwa zimeshika vizuri na kumzidi mtu urefu, Madamu akaugua, akaenda mjini kutibiwa. Akaniita, akaniachia bustani, akasema nizitunze kama ninavyotunza michikichi yangu ya Gatete.

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Nayakumbuka vizuri na siyatumii kujitetea, ila mara nyingine usingizi ukinipita huwa najiuliza kama kosa lilianza kwake au kwangu.

Nilizitazama zile palmie nikaona aibu kwa niaba ya watu wa Bujumbura. Chini ya majani, pale shina jeupe linapoishia, kila mti ulikuwa na shingo ya kijani, laini, imevimba, ndefu kama mkono wangu. Nikasema kichwani, hawa wameuza miti michafu, makuti ya zamani bado yamejikunja shingoni. Nikanoa panga. Nikaanza kuvua lile la nje, likatoka kama ganda la mgomba. Nikavua la pili. Ndani palikuwa peupe, pana majimaji, pananukia kama tango lililokatwa, na mimi nilipoona ule weupe nilifurahi, nikajua nimefikia shina. Nikaenda mti kwa mti mpaka safu zote mbili zikaisha. Waliokuwa wanapita barabarani walisimama kunisifu, na mmoja alisema sasa zimenyolewa, zinapendeza.

Madamu alirudi akiwa bado dhaifu, amefunga kitenge kichwani, begi mkononi. Akasimama getini. Akaniuliza polepole: "Nani amevulisha miti yangu manguo?"

Nikajibu kwa furaha, mwanangu. Hapo ndipo watu wanapocheka. Nilisema: "Ni miye, Madamu. Zilikuwa chafu."

Akakaa juu ya begi lake pale pale njiani. Hakunitukana. Alinieleza kwamba ile kijani si makuti ya zamani, ni majani yenyewe yamekumbatiana kumfunika mtoto wao, lile jani jipya ambalo bado halijatoka. Palmie haina tawi. Ina moyo mmoja, uko juu, umefichwa humo shingoni, na ukiguswa huo hakuna mwingine. Makuti yake yakizeeka yanaanguka yenyewe bila kusaidiwa na mtu.

Zikafa. Hazikufa siku moja, na hiyo ilikuwa adhabu yangu. Kila nilipofikiri zimebaki hizi, jani la katikati la mti mwingine lilikuwa linageuka rangi ya chai na kuinama. Ukilivuta linatoka bila nguvu, na chini yake limeoza. Lakini mmoja haukufa. Ule wa mwisho upande wa maji, unaoujua, ambao una kovu shingoni na umepinda kidogo. Niliukata kama mingine, kwa panga lile lile na kwa mkono huu huu. Wengine walisema mizizi yake imelifikia ziwa. Wengine walisema nilipofika kwake nilikuwa nimechoka, panga sikuliingiza sana. Nimesimama chini ya mti ule mara nyingi kuliko nilivyosimama mbele ya kioo, na sijui kwa nini uko hai.

Na sijui pia kwa nini Madamu hakunifukuza. Alisema: "Utabaki hapa. Utaziangalia mpaka ya mwisho." Nikabaki, nikawa mtunza bustani wake mpaka alipofariki. Mpaka leo sijajua kama ile ilikuwa huruma au kisasi. Niliwahi kumuuliza mama yako, akasema mimi napenda kujitesa, Madamu hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia, basi. Huenda. Mama yako huwa anamaliza mambo upesi.

Sikusimulii haya ili upate funzo. Ningekuwa na funzo ningekuwa nimekupa zamani. Kinachonisumbua ni kimoja. Kosa lile sikulifanya kwa jambo nisilolijua. Nililifanya kwa lile nililolijua kuliko wenzangu wote. Angekuwa mtu wa mjini asiyewahi kushika panga, angemwaga maji na kukaa kivulini, na palmie za Madamu zingekuwa zimefika angani. Wewe huko unakokwenda utakutana na watu wanaojua kazi zao vizuri, na wengine watataka kukunyoosha kwa nia njema kabisa. Ukiona mtu anakusafisha na ana furaha kama niliyokuwa nayo mimi, tazama kwanza panga lake linaelekea wapi. Hata akiwa ni baba yako.

Nimeandika hilo la mwisho nikasimama, nikaenda kunywa maji. Sasa nimerudi.

Ule mti mmoja ulipozaa mbegu niliziokota, nikazileta nyumbani, na hivyo ndivyo kitalu chetu kilivyoanza. Bibi yako, mama yangu, alikuwa hai. Aliona mikebe imejaa uani akauliza kama miti hii ina mafuta. Nikasema hapana. Akauliza kama matunda yake yanaliwa. Nikasema hapana. Akasema: "Sasa iko na kazi gani?" Nilimwambia ni ya kutazama. Alinitazama mimi, akaitazama mikebe, akaenda kwa jirani kusimulia kwamba mwanawe amepatwa. Nimeuza miche hii kwa watu wa mahoteli, kwa mapadri, kwa wenye nyumba mpya za huku na Nyanza-Lac, na swali la mama yangu bado sijalijibu. Maswali ya wanawake wa nyumba hii yote yananishinda.

Niliziharibu mbegu za kwanza kwa kuchungulia. Mbegu ya palmie inalala ardhini muda mrefu hata unaisahau, na mimi sikuweza kuisahau. Nilikuwa nafukua kwa kijiti, naiona imetoa kimzizi cheupe kama uzi, nafurahi, naifunika, kesho yake nafukua tena nione kimefika wapi. Kimzizi kinakatika. Nilijua kinakatika na bado nilifukua. Hebu nieleze wewe mtu wa namna hiyo ni mtu gani.

Wewe ulikuwa tofauti tangu mdogo. Unaikumbuka areka ya saloni, ile palmie ndogo ya ndani, ilivyofika? Mteja mmoja alihama akatuachia, ikiwa na vishina viwili vitatu vyembamba kwenye chungu kilichopasuka mdomo. Mimi sikuijali. Kwangu mti wa kuishi ndani ya nyumba ulikuwa kama mbuzi wa kulala kitandani. Wewe uliichukua ukaiweka karibu na dirisha la upande wa ziwa, pale mwanga unapofika bila jua kali, na kila Ijumaa ulikuwa unafuta vumbi la majani yake kwa kitambaa chenye maji, jani kwa jani, unaimba vitu visivyo na maana. Maji uliipa udongo wake ukikauka juu. Hukusoma popote. Ulikuwa unaingiza kidole na kuamua.

Halafu mimi, kwa wema wangu, siku moja umekwenda shule nikaionea huruma. Nikaona imekonda, imefungiwa gizani kama mgonjwa. Nikaibeba nikaiweka uani katikati ya jua la kiangazi, nikaimwagia debe zima. Nikajisifu. Uliporudi majani yalikuwa meupe, yamekauka kama karatasi. Hukulia kwanza. Uliigusa ukasema: "Baba, umeipika." Ndipo ukalia. Nami nilikuwa nimesimama pale najieleza kwamba mchikichi unapenda jua, na wewe unasema kati ya vilio kwamba hii si mchikichi, hii imezoea ndani. Ulikuwa bado hujaota meno ya mbele vizuri, na maneno ya Madamu yalikuwa yanatoka kinywani mwako.

Baadaye ilipoanza kutoa kichipukizi kipya, ukanikuta nimepiga magoti nafukua udongo na kijiko nione kimetokea wapi. Ulikwenda ufukweni ukarudi na jiwe jeusi bapa, ukaliweka juu ya udongo wa chungu, ukaniambia nisilitoe. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Jiwe lile lilikaa pale miaka. Nilikuwa nalichukia na nilikuwa nalitii. Areka ikajaa, ikawa kichaka kinachogusa dari, na wageni wakawa wanaiuliza kabla hawajatuuliza hali.

Ndipo ukaleta lile wazo lako, kwamba tuoteshe areka nyingi na palmie nyingine ndogo za ndani, tuwauzie watu wenye mabiro, hizo ofisi za mjini. Nilikataa. Nilisema hakuna mtu mwenye akili timamu atakayenunua mti wa kuuweka karibu na kompyuta. Ukaniomba kona moja tu ya kitalu, pale kwenye kivuli cha wavu. Nikakupa ili unyamaze. Kila nilipopita pale nilitafuta kosa. Nilisema viriba vyako ni vidogo, ukanijibu kwamba hizi zinapenda kubanwa. Nilisema zimekaa gizani mno, ukanijibu kwamba ndiko zinakokwenda kuishi. Zikawa nzuri. Nakuambia leo kwa maandishi, zilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kuotesha, na wakati ule sikusema. Nilisema, "Tutaona."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hulijui.

Unafikiri yule mama wa Gitega anayekupa kazi alikupata kwa bahati, kwamba alikuwa anatoka Nyanza-Lac akasimama kununua samaki, akaona kona yako. Hukuwepo, ulikuwa umekwenda Gatete kutafuta mchanga. Alisimama kwenye palmie zangu, akauliza, nikamjibu. Akaniambia yeye anaweka miti ndani ya mabiro kule Gitega na mingi inamfia kwa baridi na kwa makarani wanaoimwagia chai iliyobaki. Alikuwa anaaga, mguu mmoja uko ndani ya gari. Mimi ndiye niliyemrudisha. Nilimshika mkono, mwanangu, mama wa watu, nikamvuta mpaka kwenye wavu wako. Nikamwambia: "Hizi ni za binti yangu. Mimi hizi siziwezi. Yeye mti ukimwangalia anajua unataka nini."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Yalikuwa yamekaa kinywani mwangu miaka, na badala ya kukupa wewe nikampa mtu nisiyemjua. Nilikuwa natamba tu. Nilitaka aseme "ala", na aende zake. Yeye akakaa kwenye kigoda akakungoja mpaka ukarudi na mchanga wako. Yaliyofuata unayajua.

Kwa hiyo ndiyo hali yangu. Mimi ndiye niliyekufungulia njia ya Gitega, na mimi ndiye ninayekaa mezani hapa nikitamani gari la kesho liharibike. Siku nyingine najiambia unaondoka kwa sababu ya kazi nzuri. Siku nyingine najiambia unaondoka kwa sababu ya "tutaona" zangu. Mama yako anasema unaondoka kwa sababu umekua. Tukikaa wote watatu tunakula, naona sababu zote tatu zimekaa mezani na sijui ipi nikupakulie.

Na wewe hukunisaidia. Jana mama yako alikuuliza areka ya saloni itakuwaje, ukamjibu na mimi nasikia: "Baba ndiye ataamua." Kisha ukatoka. Nimeamka nayo hiyo, nimeshinda nayo. Nikikupa yote, saloni itabaki na alama ya chungu sakafuni na nitakuwa naizunguka kama ng'ombe kwenye kinu. Nikibaki nayo yote, nitakuwa nimekunyima kitu chako. Kuigawa ndiko nilikokuogopa. Areka si kama ruwayali, ina vishina vingi na kila kimoja kina moyo wake, kwa hiyo inagawanyika, hilo wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini inakasirika. Umewahi kugawa pale kwenye wavu na nusu zake zikakaa hivyo hivyo bila jani jipya mpaka tukazikatia tamaa, nyingine zikaamka, nyingine hazikuamka. Na mkono wenye kisu ungekuwa huu wa Kinyozi.

Leo alasiri, mlipokwenda kuwaaga watu, niliitoa kwenye chungu. Niliilaza juu ya mkeka uani, kivulini, sikuiweka juani, usiwe na wasiwasi. Nikaiosha mizizi kwa maji mpaka ikaonekana. Zaituni, mizizi ile ilikuwa imeshikana kiasi kwamba nilikaa tu naitazama. Nilitafuta vile vishina vya kwanza, vile tulivyopewa, ili nijue mama ni yupi na watoto ni wapi, nikupe watoto na mimi nibaki na mama. Sikuviona. Vyote ni vinene sawa, vyote vimezungukana, na nyumba nzima haina mtu anayeweza kunionyesha. Nikaanza kufungua kwa vidole, mzizi kwa mzizi, na pale palipokataa nikakata kwa kisu kidogo cha jikoni, na nilipokata nilisema bismillahi kwa sauti kama mtu anayechinja. Jirani alichungulia ukutani akauliza, "Kinyozi, unanyoa tena?" Nilimgeuzia mgongo, nikaendelea kufungua.

Nusu yako iko nyuma ya mlango, mizizi imefungwa kwenye gunia lenye maji na juu nimefunga majani kwa kitambaa chako cha Ijumaa yasivunjike njiani. Usimpe mtu aishike mapajani, isimame yenyewe karibu na miguu yako. Hayo ndiyo maagizo pekee ninayokupa, na mama yako asijue.

Ikifika huko itanuna. Majani ya pembeni yataanza kuwa ya manjano na utafikiri nimeiua. Huenda nimeiua, sijui. Usiifukue. Wewe najua hutaifukua, ni mimi ninayejiambia. Na wewe ukifika huko ukanuna, ukakaa miezi huoni jani jipya, Kirundi cha kule kinakushinda kasi, baridi inakuingia mifupani na wenzako wanauliza hawa watu wa ziwani wana nini, usijifukue kila asubuhi kuona kama umeshika. Mimi sitapiga simu kila siku kuuliza. Nitatamani. Nitaishika simu nitaiweka. Ukinyamaza wiki nzima nitajua uko ardhini unafanya kazi, na kama si hivyo, utanipigia na nitakuja kukuchukua hata kwa miguu, na hakuna mtu hapa atakayesema "tulijua". Nitamkata huyo mtu shingo kama palmie.

Swali lako sasa. Nimezunguka kurasa zote hizi kama mkataji anayezunguka mti akitafuta pa kuanzia, na wewe ulitaka neno moja. Hili hapa.

Sitaki uende. Sikutaka tangu siku ya kwanza, na kesho mlangoni nitakuwa sitaki. Nisingekuambia hivyo ungeondoka ukidhani kwangu ni sawa tu, na hilo siliwezi.

Nenda, mwanangu. Nakupenda na najivunia mikono yako. Nilimwambia yule mama kweli tupu.

Nusu yangu nimeirudisha kwenye chungu kilichopasuka mdomo, pale pale dirishani. Tayari imeanza kuinamisha majani na mimi tayari nimeanza kuizunguka. Halafu nikakumbuka. Nililitafuta lile jiwe lako jeusi uani, nikalikuta kwenye karo, kumbe mama yako siku hizi hulitumia kusugulia miguu. Nimeliosha, nimelirudisha juu ya udongo kwa mkono wangu mwenyewe, na sitalitoa.

Baba yako,
Kinyozi